Zifukie Mbali na Nyumba

Maneno hayo ni yangu. Nimeyasema miaka mingi kwenye kliniki ya sukari, kwa sauti ya mtu anayejua, kalamu ikiwa mkononi. Mgonjwa akiniuliza sindano zilizotumika azipeleke wapi, namjibu, "Zifukie mbali na nyumba," halafu naita anayefuata. Sasa nyie wauguzi vijana mnanialika kwenye semina zenu niwape uzoefu, na naona mnavyokaa mkao wa kusikia nilivyookoa watu. Wapo niliowaokoa, namshukuru Mungu. Lakini leo nitawaambia habari za mwanamke mmoja wa Madibira ambaye nusura nimuue kwa sentensi hiyo fupi.

Mnijue kwanza. Mimi ni Mhehe wa Kilolo, uuguzi nimeusomea Iringa, nikaolewa Mbeya na kazi nikaimalizia huko. Nina mdomo. Wagonjwa walikuwa wananiita Sista Mkali nikiwa nimegeuka, na mimi nilikuwa nasikia, sema nilijifanya sisikii kwa sababu jina lenyewe lilikuwa linanisaidia foleni isivurugike.

Ukali huo niliurithi kwa Mama Msigwa, nesi aliyenipokea wodini nikiwa sijui hata kufunga bandeji vizuri. Wiki yangu ya kwanza nilimchoma mgonjwa, nikataka kurudisha kifuniko kwenye sindano, ikapita pembeni ikaingia kwenye dole gumba langu. Nililia kama mtoto. Mama Msigwa hakunigombeza. Alinivuta hadi bombani, akaniosha kwa sabuni na maji yanayotiririka, akanikataza kukamua, akakaa na mimi mpaka vipimo vikaisha. Kesho yake ndipo aliponishughulikia. Alinisimamisha pembeni yake siku nzima nikiwa nimelishika boksi la sindano kifuani kama sahani ya sadaka. "Ukishachoma," akaniambia, "inakwenda moja kwa moja humu. Kifuniko ni cha sindano ambayo haijatumika. Iliyotumika haina nguo ya kuvaa." Toka siku ile sijawahi kurudisha kifuniko, na nikimwona kijana wa leo anarudisha, mkono wangu wenyewe unawasha.

Kwa hiyo kuchoma nilijua, na kufundisha nilidhani najua. Mnakijua kibaridi cha Mbeya mwezi wa saba. Alikuja mzee mmoja kutoka milima ya Uporoto, sukari iko juu, naye anaapa kwa jina la marehemu mama yake kwamba anachoma asubuhi na jioni bila kukosa. Nikamgombeza vya kutosha. Baadaye nikapata akili nikamwambia, "Hebu nionyeshe." Mzee akatoa sindano yake, akavuta dawa vizuri kabisa, akaipitisha kwenye koti, sweta na shati. "Sista," akasema, "kule kwetu asubuhi ukilifunua tumbo, unakufa nimonia kabla ya sukari." Miezi miwili tulikuwa tunalitibu sweta. Ndiyo maana nawaambia, mgonjwa asikuambie anavyochoma, akuonyeshe. Akuonyeshe anavyoizungusha taratibu ile insulini ya maziwamaziwa kati ya viganja, asiitikise kama dawa ya minyoo. Mpapase tumbo na mapaja, maana wengi wakipata sehemu isiyouma wanaichoma hiyo hiyo mwaka mzima mpaka inaota nundu, na kwenye nundu dawa haifanyi kazi sawasawa.

Mwingine alikuwa dereva wa lori. Alinipigia akiwa amepaki Igawa kula, analalamika dawa haimsaidii. Nikamuuliza anaiweka wapi. Juu ya dashibodi, juani. Na bia zake? Zilikuwa kwenye boksi la barafu. Nikamwambia, "Iweke dawa kwenye baridi," nikakata simu nikiwa nimeridhika. Akafika Mbeya insulini imeganda, kailaza juu ya barafu bila hata kitambaa. Niliicheka ile hadithi kwa wenzangu chai nzima. Ningekuwa na akili ningeacha kucheka nijiulize kwa nini watu wanafanya ninavyosema na bado wanaharibikiwa.

Basi sasa Mama Upendo. Huyu alianza sukari akiwa binti, ya kuchoma insulini tangu mwanzo, si ile ya kumeza vidonge. Alipokuja kwangu alikuwa na miaka thelathini na kitu, mwembamba, mjane, ana watoto watatu na majaruba yake ya mpunga kwenye skimu ya umwagiliaji ya Madibira. Alikuwa anasafiri mpaka Mbeya kwa kuwa siku zile dawa yake huko kwao ilikuwa ya kubahatisha. Katika maisha yangu ya kazi sijapata mgonjwa msikivu kama yule. Nilimwambia insulini aitunze kwenye chungu kilichozikwa nusu kwenye mchanga mbichi, kivulini, akarudi na maelezo ya mara ngapi kwa siku anaumwagia maji ule mchanga. Nilimwambia ahamishe sehemu ya kuchoma, akajichorea tumbo kwenye daftari la mtoto. Hakuwahi kuniuliza swali. Mimi nilikuwa namsifia mbele ya wengine: muoneni mwenzenu, anasikia.

Siku moja ndiyo aliniuliza, hilo moja tu, sindano zilizotumika azipeleke wapi. Jibu mnalijua.

Zaidi ya miaka miwili baadaye, mwezi wa kwanza, watu wako kwenye kupandikiza mpunga, simu yangu ikaita asubuhi niko kliniki. Sauti ya mwanamke nisiyemjua.

"Shikamoo Sista. Naitwa Eliza, mimi ni wifi yake Mama Upendo wa Madibira, mume wake alikuwa kaka yangu. Namba nimeitoa kwenye kadi yake. Jana nimekanyaga sindano."

"Marahaba. Umeikanyaga wapi?"

"Shambani kwake. Tulikuwa kwenye mgowe, tunampandikizia."

Mgowe ni kule kusaidiana kwetu, leo wote shambani kwako, kesho kwangu. Watu wanaingia kwenye tope peku, wameinama, mikono na miguu yote majini. Eliza akanieleza kwamba baada yake mwenzake mmoja aliingiza mkono kwenye tope akatoa sindano nyingine, na ya tatu, na hapo wanawake wote wakatoka majini, wakachukua khanga zao wakaenda nyumbani, na kijiji kizima sasa kinasema Mama Upendo anatega watu.

Nikamuuliza alifanya nini baada ya kuchomwa. Aliosha kwa maji ya mfereji, basi. Nikamwambia aoshe upya kwa sabuni na maji safi na aende kituo cha afya saa ile ile, asisubiri kesho, kwa sababu zile dawa za kinga ya UKIMWI zina saa zake. Siku tatu zikipita, umechelewa.

"Nitaenda," akasema. "Lakini sikukupigia kwa ajili ya mguu. Wifi yangu ameacha dawa. Toka jana asubuhi hajachoma. Chungu chake amekitoa nje amekivunja. Anasema hashiki tena sindano, afe na sukari yake kuliko kuua watu. Usiku ameanza kutapika."

Nilikaa kwenye benchi la wagonjwa. Mtu wa aina ile ya sukari akikosa insulini hana wiki, wanangu, ana siku. Nikamuuliza Eliza kama kituo kinaweza kumfuata, akasema walishamwita, amejifungia, hataki kumwona mtu mwenye koti jeupe. Nikaomba ruhusa, nikabeba insulini kwenye kibebeo cha chanjo, sindano na boksi, nikapanda basi. Igawa nikapata Fuso iliyokuwa inakwenda kubeba mpunga wa ghalani, nikakaa katikati ya dereva na utingo mpaka Madibira. Njia nzima nilikuwa namkasirikia. Nilikuwa najisemea, mtu mzima na akili zake anatupaje sindano kwenye jaruba.

Eliza alinipokea mlangoni akiwa anachechemea. Kituo alishakwenda, wamempa sindano ya pepopunda, wamemwanzishia dawa za kinga na kumwambia arudi kupimwa tena baada ya miezi mitatu. Aligonga mlango akasema, "Wifi, ni Sista Mkali mwenyewe, fungua." Nikajua jina langu limefika mpaka kwenye mpunga.

Mama Upendo alikuwa amelala, anapumua kwa nguvu na kwa kina, mdomo umekauka, na chumba kizima kina ile harufu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi ambayo mkishainusa mara moja hamuisahau. Hata hivyo alijitahidi kukaa anisalimie.

"Kamwene, Sista."

"Kamwene. Mama, umefanya nini?"

"Nilifuata ulivyosema," akaniambia. Hakuwa ananilaumu, alikuwa ananipa taarifa kama kliniki. "Ulisema nizifukie mbali na nyumba. Hapa uani watoto wanacheza, na kuku wanafukua. Mbali na nyumba ni shamba. Kila jioni nikienda kuangalia maji, napita nazo kwenye mfuko, nachimba kwenye tuta la jaruba, nafukia, nashindilia kwa kisigino. Nikasema hapo hakuna mtoto wa kuzifikia."

Miaka miwili, asubuhi na jioni. Mwaka ule maji ya mfereji yalizidi, yakabomoa tuta, na kijana wa zamu ya maji akachota udongo wa tuta lile lile akazibia. Udongo uliobaki ukasambaa jarubani. Mnasoma mashuleni kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu alisikia la mkuu, na guu lililochomwa ni la wifi yake.

Hasira yangu yote iliisha palepale, nikabaki na aibu. Nilikaa pembeni ya kitanda nikamwambia, "Kosa ni langu. Si lako hata kidogo." Nikavuta insulini. Akaushika mkono wangu akaurudisha.

"Hiyo, ukimaliza kunichoma, inakwenda wapi?"

"Kwenye boksi hili."

"Na boksi?"

"Narudi nalo hospitali. Linachomwa moto."

"Huo moto, Sista, umeuona?"

Miaka yote ile nilikuwa nalijaza boksi, mhudumu anakuja na toroli analichukua, biashara imekwisha. Eliza ndiye aliyetuokoa wote wawili. Alimshika wifi yake mabega akasema, "Maswali utauliza ukipona. Mchome, Sista. Mimi nimechomwa bila kuombwa ruhusa, na yeye achomwe." Mama Upendo alicheka kidogo, kile kicheko cha mtu asiye na nguvu, na katika kucheka akaachia mkono. Jirani mmoja akatoa gari, tukamkimbiza kituo cha afya, wakamtundikia maji. Tulikesha naye mimi na Eliza tukisali kila mmoja kwa kanisa lake, yeye Mlutheri, mimi Mkatoliki. Asubuhi aliomba uji.

Siku hiyo nilikwenda shambani. Wanawake wa mgowe walikuwa pale, na mwenyekiti wa kitongoji. Mwenyekiti akaniuliza mbele ya watu, "Sista, huko hospitali mlimfundisha hivi?" Nitawaambia ukweli wangu: jibu jepesi lilinijia mdomoni. Ningesema tulimfundisha vizuri, hakuelewa. Nani angebisha? Yeye alikuwa amelala kituoni, na mimi nilikuwa na sare na miaka michache tu ya kufikia kustaafu. Nikamwambia, "Ndiyo. Mimi ndiye nilimwambia afukie. Yeye alifanya kama alivyoagizwa." Bibi mmoja akasema, "Basi vua viatu uingie wewe." Watu wakacheka, lakini yeye hakuwa anatania.

Niliazima gambuti nikaingia. Tulikausha maji, tukalikata tuta kidogo kidogo kwa jembe, tukiokota kwa koleo za jikoni na kutia kwenye dumu. Mtu akaleta sumaku ya spika ya redio, tukafurahi, lakini sindano hizi sumaku haizishiki. Tulifanya kazi siku mbili, mimi, Eliza na wanawake wanne waliobaki baada ya wengine kukinai. Hatukuzipata zote. Jaruba lile halikupandwa msimu ule. Walilizungushia miba, miche iliyobaki ikapelekwa kwenye majaruba mengine, na ile hasara ilikuwa ya Mama Upendo.

Tangu hapo nilibadilisha ninavyofundisha. Sindano inaingia kwenye dumu gumu la plastiki lenye mfuniko wa kuzungusha, lile la mafuta ya kula ndilo zuri. Chupa ya maji ni laini, sindano inatokeza. Dumu linakaa juu, mtoto asipofika. Halijazwi mpaka shingoni. Likikaribia kujaa linafungwa, linarudishwa zahanati, halifukiwi, halitupwi chooni wala jalalani. Na kabla sijamwacha mgonjwa namuuliza nyumba yake ikoje, nani anacheza wapi, anafuga nini, analima nini. Foleni ilikuwa inarefuka na wenzangu walikuwa wananung'unika, nikawaacha wanung'unike.

Lakini Mama Upendo hakushika sindano. Alikubali kuishi, ila kwa mkono wa Eliza. Asubuhi na jioni, miezi mitatu, wifi yake alikuwa anavuka uwanja kwenda kumchoma. Eliza akisafiri, anakaa bila dawa mpaka arudi, na mara mbili nusura turudi kule kule tulikotoka. Nilimsihi kwenye simu, nikampigia mchungaji wao, nikatumia na ule ukali wangu. Alikuwa ananiitikia tu, "Sawa Sista," na nilikuwa nimeshajifunza kuiogopa sawa yake.

Baada ya miezi mitatu walikuja Mbeya wote wawili. Eliza alikuwa amepima, yuko salama, na alikuwa analitembeza jibu lake kwenye mkoba akimwonyesha kila aliyemsalimia. Mama Upendo alikuwa amekumbatia dumu. Nikanyoosha mikono nilipokee.

"Hapana," akasema. "Nipeleke kwenye huo moto nikauone."

Nikamwita mhudumu, tukaenda wote wanne nyuma ya majengo, mahali ambapo, Mungu anisamehe, nilikuwa sijawahi kukanyaga. Kichomea taka kilikuwepo. Mlango wake ulikuwa umeng'oka bawaba, ndani kumepoa, na maboksi yetu ya sindano yamerundikwa ukutani mpaka mengine yamenyeshewa yakapasuka. Hatua chache kutoka hapo ilikuwa bustani ya mchicha ya sisi manesi. Mhudumu akaniambia alishatoa taarifa mara kadhaa. Nilimwamini, kwa sababu ofisi zetu nazijua.

Nilitegemea Mama Upendo anigeuzie mgongo aondoke. Alitazama yale maboksi, akatazama mchicha, akakaa kwenye ngazi ya saruji, dumu mapajani. Nikakimbia ofisini. Mganga mfawidhi wetu alikuwa mtu mwema wa maneno mengi, akaanza kunieleza mambo ya vibali na mafundi, nikamwomba tafadhali anyanyuke tu aje. Akaja. Akamkuta pale.

"Mama, unasubiri nini hapa?"

"Nasubiri moto."

Mganga akanitazama mimi, na mimi nikamtazama. Alitoa simu akampigia fundi wa kuchomelea. Tulikaa pale na Eliza akatuletea chapati na chai, fundi akaja, akachomelea bawaba, mafuta yakatolewa kwenye jenereta, na alasiri moshi ukaanza kutoka kwenye bomba. Mhudumu alivaa glovu zake nene akaingiza maboksi moja baada ya jingine. La mwisho lilikuwa dumu la Mama Upendo, na yeye mwenyewe ndiye aliyemkabidhi mhudumu mkononi. Tulisimama tukaangalia mpaka mlango ukafungwa. Nilikuwa nimevaa sare ile zaidi ya miaka thelathini, na huo ndio moto wa kwanza kuuona.

Walilala kwangu. Jioni, chakula kikiwa mezani, Eliza alinawa mikono kama kawaida yake, akatoa chupa ya insulini, akaizungusha kati ya viganja. Mama Upendo akafunua blauzi upande wa kushoto wa tumbo, akanyoosha mkono.

"Wifi," akasema, "lete hapa. Nachoma mwenyewe."